Kwenda Saa Tano, Kurudi Saa Ishirini

Katika nyumba yetu umbali haukupimwa kwa kilomita. Ulipimwa kwa kiu. Baba alikuwa mjaza mafuta ya ndege, na kwa mjaza mafuta ndege ni kitu chenye kiu, basi. Ikinywa kidogo, inakwenda jirani. Ikinywa mpaka lori likabaki tupu na lingine likaitwa, hiyo inavuka bahari, na watu wake watalala na kuamka humo humo. Ukimuuliza Baba mji fulani uko wapi, hakukuambia mashariki wala magharibi. Alikunja uso, akafikiri, akasema, "Ule? Kiu yake malori mawili." Shangazi yetu aliyekaa mwendo wa saa moja kwa basi tulisema yuko kikombe kimoja.

Tuliishi nyumba za wafanyakazi nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege, mlango wa nne kutoka kwenye bomba la maji. Ndege ikipaa, vyombo vililia kabatini na Mama alinyamaza katikati ya neno, akasubiri ipite, kisha akaendelea na neno lile lile pale alipoliachia. Wageni walidhani ana kigugumizi. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na Mama alipikia jiko la mafuta ya taa, kwa hiyo shati la Baba na jiko letu vilinuka kitu kimoja. Nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba si baba wote wanaonuka hivyo, nikawaonea huruma watoto wa wenzetu.

Kazini, kabla ya kuijaza ndege, Baba alikuwa akikinga mafuta kidogo kwenye chupa angavu, anaiinua juani kuangalia kama yameingia maji. Mkono ulizoea. Hata nyumbani akipewa chai kwenye glasi, aliiinua dirishani, akafumba jicho moja, akaichungulia.

"Hiyo ni chai," Mama alimwambia kila siku. "Haiendi popote."

"Inakwenda tumboni kwangu," Baba alijibu, "na huko sina pa kutua kwa dharura."

Mimi aliniita Pilipili, na sababu mtaiona wenyewe. Dada yangu mkubwa hakupewa jina la utani. Alikuwa Dada tu, kwa wazazi, kwa majirani, hata kwa muuza mkaa aliyemzidi umri mara mbili. Alifaulu, alinyamaza anapokosewa, na alikunja nguo zikaonekana kama zimetoka dukani. Nilimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja, kama mtu anavyopenda kitanda anacholalia na mwenzake.

Nilikuwa bado shule Dada alipopata kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Tiketi ilipofika, Baba alikuwa zamu, kwa hiyo Mama ndiye aliyeifungua. Alivaa miwani, akaisoma kwa sauti mezani. Kuondoka, saa tisa alasiri. Kufika, saa mbili usiku, tarehe ile ile. Akahesabu kwa vidole, na uso wake, uliokuwa umekunjamana wiki nzima, ukafunguka.

"Saa tano!" alisema. "Mbona walinitisha? Saa tano tu! Kwa shangazi yenu mvua ikinyesha tunatumia hizo hizo."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikamtazama. Yeye alikuwa amesoma, alijua kwamba ile saa mbili ya usiku ni ya huko anakokwenda, wala si ya kwetu, na kwamba ndege inayokimbilia jua linakotua hulicheleweshea jioni yake. Lakini Mama alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu habari ile iingie nyumbani. Dada hakusema kitu. Kunyamaza ndiyo kazi yake.

Baba aliporudi, Mama alimkimbilia na karatasi mkononi. Huyo ndiye Baba aliyeijaza ndege ile kila wiki na kujua kiu yake kama anavyojua kiu yake mwenyewe. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akamtazama mkewe, akaufunga.

"Saa tano," alisema. "Ehe. Ndege ya siku hizi ni kitu kingine."

Mama akageuza karatasi upande wa kurudi. Kuondoka, saa mbili usiku. Kufika, saa kumi jioni ya kesho yake. Vidole vya mikono havikutosha. "Saa ishirini? Kwenda tano, kurudi ishirini? Kwa nini?"

Baba alivua viatu polepole mno, kwa mtu aliyekuwa na viatu viwili tu. "Kurudi ni kugumu, mama watoto," alisema hatimaye.

Hiyo ikawa sheria ya nyumba. Kwenda saa tano, kurudi saa ishirini. Siku ya safari Baba aliomba apewe ndege ile aijaze kwa mkono wake, akapewa. Sisi tuliung'ang'ania waya wa uzio, tukamwona mdogo kama sisimizi chini ya bawa, ameshika mpira wa mafuta kwa mikono miwili. Ilikunywa muda mrefu sana. Mama hakuona ajabu. Alikuwa anapunga mkono kwa kila dirisha, kwa kuwa hakujua Dada amekaa lipi. Jioni Baba aliporudi, alikaa nje kwenye kiti chake na hakuichungulia chai. Aliinywa tu.

Simu ya Dada ilikuja asubuhi iliyofuata. "Amelala kwanza, ndipo apige," Mama alituambia, na alifurahi kwamba mtoto amepata usingizi. Msidhani Mama ni mjinga. Alijua kabisa kwamba sisi tukilala kule wako kazini, na hakumpigia Dada hata siku moja bila kuuliza kwanza, "Kwenu saa ngapi?" Alijua hili na aliamini lile, na havikuwahi kukutana kichwani mwake.

Mimi niligundua darasani, mwalimu alipochora duara ubaoni na kulikatakata. Nilirudi mbio, nikamkuta Baba anaosha buti kwenye bomba. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: ni saa kumi na tatu kwenda, na kurudi ni kumi na mbili, maana upepo wa juu unasukuma. Kurudi ndiko kufupi!

"Umesema kweli," Baba alisema. "Sasa uifunge humo humo kichwani."

"Lakini Mama anaamini uongo."

"Pilipili." Alifunga bomba ili nisikie vizuri. "Dada yako asipokuja mwaka huu, mama yako atasema njia ndefu. Asipokuja mwakani, atasema njia ndefu. Wewe angalia tu anavyolala."

Nikaangalia. Alilala vizuri. Jirani akimuuliza mbona binti haji, Mama alimjibu bila kinyongo, "Ataweza wapi? Mimi kwenda kwake ni saa tano, yeye kuja kwangu ni saa ishirini. Mwenye njia fupi ndiye wa kwenda." Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu mwenye mtoto aliyejenga nyumba juu ya kilima kirefu kuliko vyote. Dada alikuja mara mbili, akiwa amechoka, macho yamevimba, na Mama alimvua viatu mwenyewe, akisema mwacheni alale, mnajua ametoka wapi? Baada ya hapo hakuja tena. Ilikuwa kazi, zikawa karatasi, wakazaliwa watoto, kisha hata sababu akaacha kuzitaja. Alituma picha, na sauti yake kwenye simu ikaanza kuharakisha. Alikuwa anatunza wazee wa watu.

Baba alipofariki tulimpigia saa ile ile. Mazishi yalikuwa siku ya tatu. Dada alilia kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio, kisha akasema, "Sitawahi." Nilikaa chini nikapiga hesabu, na mimi hesabu hizi nimelelewa nazo. Angewahi. Angewahi na kupata muda wa kuoga. Mama alikaa mkekani katikati ya wanawake, na kila aliyeuliza Dada yuko wapi alipata jibu moja. "Kurudi ni saa ishirini, jamani. Tumngoje mpaka lini?" Mimi niliuma ulimi. Nauma ulimi mpaka leo, au tuseme niliuma mpaka juzi.

Sasa Mama anakaa nami. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na Mama anakaa karibu na mlango akikata nyuzi na kuniambia wapi nimepinda. Mwezi uliopita Dada alituma tiketi. Safari hii haikuwa yake, ilikuwa ya Mama: aje akae miezi miwili, awaone wajukuu. Ndege ile ile, saa zile zile. Mama, ambaye hajawahi kupanda ndege ingawa zimepita juu ya kichwa chake nusu ya maisha, hakuogopa hata kidogo. Aliwatangazia majirani wote. "Nakwenda kwa mwanangu. Saa tano tu, nasinzia nashuka."

Nikamshonea Dada gauni la kupelekewa. Sikuwa na vipimo vyake, nikashona kwa kumbukumbu, na nilipomaliza nikagundua kwamba nimemshonea yule msichana wa mlangoni, mwembamba. Nikafumua pembeni nikaongeza kitambaa. Nilikasirika kufumua. Nilikasirika kwamba sijui tena mwili wa dada yangu.

Juzi mchana tulikuwa tunapanga sanduku. Nikachukua dawa zake za presha nikazitia kwenye mkoba wa mkononi. Mama akazitoa akazirudisha sandukuni.

"Za nini mkononi? Nakunywa asubuhi hapa, nyingine nakunywa kwa Dada."

"Mama, utazihitaji njiani."

"Kwa saa tano? Hata sweta sichukui. Na chakula chao sitaki, nitakula nikifika."

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiwaza. Nilimwona Mama peke yake juu ya bahari. Saa tano zimekwisha na ndege haishuki. Saa sita. Saa saba. Haelewi lugha ya wahudumu, dawa ziko tumboni mwa ndege, na kichwani mwake kuna jambo moja tu, kwamba wamepotea. Ilikuwa lazima nimwambie. Hilo najitetea nalo mpaka kesho.

Nikamketisha kitandani nikamweleza taratibu, kwa saa ya ukutani. Utaondoka saa tisa alasiri. Ukifika, kwao itakuwa saa mbili usiku, lakini saa hii hapa ukutani itakuwa saa kumi alfajiri. Hesabu. Akahesabu kwa vidole vyake vilivyopinda, akarudia.

"Kumi na tatu," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo usiogope. Kunywa dawa, kula, inuka utembee, miguu isivimbe."

"Kumi na tatu." Akashika tama. "Basi na kurudi si ishirini. Kurudi ni ngapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni hivyo hivyo tu, tukaendelea kukunja nguo. Lakini gauni lile lilikuwa juu ya sanduku, limeongezwa pembeni, na damu ikanichemka.

"Kumi na mbili," nilisema. "Kurudi ndiko kufupi, Mama. Upepo unasukuma. Siku zote kumekuwa kufupi."

Nje lori zito lilipita, na sikujua kama ananyamaza kwa ajili ya lori au kwa ajili yangu. Lori likaisha. Bado alikuwa kimya.

"Kwa hiyo kwa baba yenu angewahi."

Nikaokota nyuzi sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Angewahi, Mama."

"Na marehemu alijua haya?"

"Alijua. Tangu siku ya kwanza."

"Amejaza mandege maisha yake yote," Mama alisema, na sauti ikapanda, "akaniacha nawaambia watu saa ishirini, saa ishirini! Wakanicheka mbele ya mkeka wake mwenyewe!"

"Hakuna aliyecheka. Alisema nikuangalie unavyolala. Alisema ukijua hutalala." Na mimi nikaanza kulia, kwa kuwa sauti ya bomba la maji iliniingia masikioni, na Baba na buti zake, na jinsi alivyolifunga ili nimsikie. "Aliona bora uikasirikie njia kuliko umkasirikie mtoto."

Mama akalichukua gauni, akalikunja, akaliweka juu ya kabati, mbali na sanduku.

"Siendi," alisema. "Mpigie mwambie njia ndefu."

Sikumpigia. Nilikwenda kwenye cherehani nikashona kola tatu, zote zikapinda, na hakuna mtu aliyeniambia. Nilijilaumu na kumlaumu Dada kwa zamu. Yule mzee alikuwa amemlinda mkewe miaka yote ile kwa kufunga mdomo tu, na mimi nimeubomoa ukuta wake kwa sentensi moja, siku moja kabla ya Mama kumwona mwanawe. Sasa wangekufa bila kuonana, na Dada angedhani ni ndege iliyomshinda Mama. Jioni tulikula kila mtu na sahani yake. Mama aliuliza chumvi iko wapi, na hayo ndiyo maneno yote tuliyosema.

Asubuhi nilimkuta amevaa. Kilemba kimefungwa, sweta imewekwa magotini, mkoba wa mkononi umejaa dawa mpaka zipu haifungi. Sanduku lilikuwa mlangoni. Nikatazama juu ya kabati, gauni halipo.

"Unatoa macho nini?" alisema. "Ita gari."

Uwanja wa ndege wa leo ni vioo vitupu, na mahali palipokuwa na nyumba zetu pameegeshwa magari. Mama aligeuza shingo akapatafuta mlango wa nne, akaukosa, akarudi kutazama mbele. Kwenye kaunta kijana alimuuliza kama angependa kukaa dirishani. Mama akasema hapana, karibu na choo, maana safari ni ya saa kumi na tatu. Alilitamka bila kutetemeka.

Tulifika pale ambapo asiyesafiri hapiti. Watu walikuwa wanakumbatiana pande zote, na mimi nilisimama nimeshika kiwiko chake.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nataka dawa tu. Yale mengine yalinitoka."

"Yalitoka kwa kuwa yalijaa." Akaisogeza kamba ya mkoba begani. "Nimeamka bado nina hasira naye. Nilidhani itakuwa imepungua. Haijapungua hata kidogo. Nikasema, nikienda hivi nitamtukana mlangoni, mbele ya watoto wake, na wajukuu watanijua kwa matusi."

"Sasa mbona umekuja?"

"Kwa sababu ya kumi na tatu. Zingekuwa tano kweli, nisingekwenda. Tano zisingenitosha. Kumi na tatu ni nyingi, Pilipili. Nitamkasirikia mpaka nichoke, nitakula, nitalala, nikiamka nitamkasirikia tena kidogo. Itaisha huko huko juu, kabla hawajafungua mlango."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Alinifuta kwa ncha ya kanga yake, akanifuta na pua, kama nina miaka sita.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi nini?"

"Ya kwako utaimalizia wapi?"

Hakungoja jibu. Aliwapa karatasi zake, akapita, akageuka mara moja kunipungia, kisha mgongo wake ukazibwa na watu warefu.

Nikatoka nje. Basi la kwenda mtaani kwetu lilikuwa limesimama, injini inaunguruma, kondakta ananiita kwa mkono. Kutoka pale mpaka nyumbani ni nusu saa, na nusu saa isingenitosha. Nilimwambia aende. Nikaweka pochi kwapani, nikaanza kutembea.